Cherehani ya kiwanda iliyotumika kwa kazi ya ngozi: ipi ya kwanza kununua, na namna ya kuifunga

Cherehani nyingi za kiwanda zinazouzwa zikiwa zimetumika zilitengenezwa kushona mashati. Kichwa ni kizito, mota chini ya meza ni kubwa, muuzaji anapitisha kipande cha ngozi laini na mashine inakishona bila tabu. Mnunuzi analipa. Siku anapoleta mkanda wa tabaka mbili ndipo anapoona ngozi ya juu ikibaki nyuma huku ya chini ikisonga, mishono inafupika kila penye unene, na sindano inakatika kwenye kona. Mashine haina ubovu wowote. Inafanya kazi ambayo si yake.

Kwa hiyo hapa nimezipanga mashine kwa jinsi zinavyosukuma ngozi, na nguvu ya mota nimeiweka nyuma. Mota hubadilishwa kwa saa moja na bisibisi. Msukumo umejengwa ndani ya kichwa, na ukikosea hapo hakuna fundi wa kukurekebishia.

Msukumo ndio mashine yenyewe

Cherehani ya nguo husukuma kwa meno ya chini peke yake. Mguu wa juu umetulia, unakandamiza tu. Kwa kitambaa hilo linatosha kabisa: Juki DDL-8700, ambayo imejaa kwenye viwanda vya nguo, inafika mishono 5,500 kwa dakika kwa mfumo huohuo. Ngozi ina tabia nyingine. Inanata chini ya mguu, haibonyei kama pamba, na tabaka mbili zake huteleza moja juu ya nyingine.

Unachokitafuta ni msukumo wa pamoja. Katika mfumo huu sindano ikiwa imeshazama kwenye ngozi, yenyewe, mguu wa ndani na meno ya chini hurudi nyuma kwa wakati mmoja, na tabaka zote zikiwa zimechomwa na sindano ileile haziwezi kuachana. Kisha mguu wa nje unashuka kushika kazi wakati mguu wa ndani unainuka kwenda mbele kuanza hatua nyingine.

Kuitambua hakuhitaji kuwasha umeme. Geuza gurudumu kwa mkono, taratibu, na uinamishe macho usawa wa sindano. Uone miguu miwili, mmoja ndani ya mwingine, ikipokezana. Kisha tazama sindano yenyewe: lazima isogee mbele na nyuma pamoja na mguu wa ndani. Ikiwa inapanda na kushuka wima tu, huo si msukumo wa pamoja hata kama miguu ni miwili, na muuzaji asikuambie vingine.

1. Meza bapa yenye msukumo wa pamoja

Kwa anayenunua mashine yake ya kwanza ya ngozi, jibu langu ni hili, na sioni sababu ya kulizungusha. Juki DNU-1541, Juki LU-563, Consew 206RB, Pfaff 545 na 1245, Singer 111W155: zote zimeshona viti vya magari, makochi na mabegi kwa miaka mingi, zinapatikana kwa wingi viwanda vinapobadilisha mitambo, na spea zake bado zinatengenezwa, nyingine na viwanda visivyo vya asili. Mkoba, pochi, mkanda wa kawaida, ala ya kisu, kifuniko cha daftari, vyote vinapita hapa.

Kati ya hizo, Juki DNU-1541 ndiyo ningeitazama kwanza. Mshono wake unafika urefu wa milimita 9, mguu unainuka milimita 16 ukiuinua kwa wenzo wa goti, na ina kishikio cha kurudi nyuma. Ukiikuta yenye herufi S mwishoni, yaani 1541S, ina klachi ya usalama: uzi ukinasa chini, kulabu, yaani chuma kinachozunguka chini ya sindano na kuchukua uzi wake, inajiachia kabla haijavunjika. LU-563 ni ya zamani zaidi na ina bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) kubwa, faida utakayoifurahia kila unaposhona mshono mrefu kwa uzi mnene.

Singer 111W155 inahitaji maelezo ya peke yake kwa sababu wengi huikataa bure. Haina kishikio cha kurudi nyuma. Urefu wa mshono hubadilishwa kwa kubonyeza kitufe kilicho kwenye meza ya kichwa huku ukigeuza gurudumu. Kufunga mwisho wa mshono unaigeuza kazi yenyewe na kurudia matundu matatu uliyopitia. Kwa anayeshona mikoba michache kwa utulivu si shida. Kwa anayeshona mikanda mingi kila siku, atachoka.

Kuhusu Pfaff, ni chuma imara na mshono wake ni mzuri mno. Ila ulizia spea kabla hujalipa, maana za asili ni ghali kuliko za Juki na Consew.

Mipaka ya kundi hili uijue mapema. Tex ni kipimo cha unene wa uzi, namba ikipanda uzi ni mnene zaidi. Uzi wa Tex 70 hadi Tex 135 ndio nyumbani kwake. Tex 210 baadhi hubeba kwa kubembelezwa. Unene wa kazi ukikaribia milimita 10, mguu unaanza kukosa nafasi ya kupanda.

2. Mkono

Hapa badala ya meza kuna mkono wa duara unaotokeza mbele, na kazi inauzunguka. Pfaff 335, Juki LS-341, Consew 227 na Adler 69 ni za kundi hili, na nyingi zina msukumo wa pamoja uleule. Ukishona mikoba yenye mbavu, mifuko iliyokwisha kuungwa pembeni, au chochote chenye umbo la kopo, mkono unaokoa muda mwingi. Meza ya kuuvika mkono inauzwa au inatengenezwa kwa ubao, na ukishaiweka unashona kazi bapa pia.

Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu mbili. Bei yake ikiwa katika hali nzuri huwa juu ya meza bapa ya umri huohuo. Na nyingi, hasa Pfaff 335, zilifungwa kiwandani kwa kazi moja tu ya kuzungushia utepe kwenye kingo. Mashine kama hiyo ina meno, mguu na sahani ya sindano vya kazi hiyo, na kuirudisha kwenye ushonaji wa kawaida ni kununua seti nzima. Muulize muuzaji ilifanya kazi gani, kisha inama utazame mwenyewe: ukikuta kifaa cha kukunjia utepe au matundu yake ya skrubu mbele ya sindano, jumlisha bei ya seti hiyo kabla ya kupatana.

3. Mashine nzito za aina ya 441

Juki TSC-441 ndiyo iliyolipatia kundi hili jina, na nakala zake zenye tarakimu 441 ni nyingi sokoni. Zinashona tandiko la farasi, mikanda minene na ala za bastola, unene wa hadi karibu milimita 20, kwa uzi wa Tex 270 na zaidi. Kasi yake ni ndogo kwa makusudi: TSC-441 haizidi mishono 800 kwa dakika.

Watu huzitamani kwa sababu ya nguvu, na hapo ndipo ninapotaka kumshika mtu mkono. Mashine hii haipendi kazi nyembamba. Tundu la sahani ni kubwa, mguu unakandamiza kwa nguvu nyingi, na sindano zake za mfumo wa 794 (mfumo ni aina ya sindano kwa urefu na umbo la shina) ni nene. Pochi ya ngozi ya milimita moja inatoka imekunjwa na kutobolewa matundu makubwa kuliko uzi. Inunue kama mashine ya pili, au ya kwanza ikiwa una hakika hutashona chochote chepesi.

4. Nguzo

Kichwa kimeinuliwa juu ya nguzo nyembamba, na mara nyingi mguu ni gurudumu dogo linalobingirika. Ni mashine ya sehemu ya juu ya kiatu. Inakata kona kali kwa wepesi na fundi viatu anayetengeneza viatu vipya hana mbadala wake. Kwa asiyeshona viatu, nguzo ni usumbufu, kazi bapa haina pa kulala.

5. Mashine ya viraka

Singer 29K na ndugu zake wa Adler 30. Mguu unageuka duara zima, kwa hiyo unashona kuelekea upande wowote bila kuigeuza kazi, na mkono wake mwembamba unaingia hadi ndani ya kiatu. Kwa ukarabati ni hazina. Kwa utengenezaji haifai: bobini ni ndogo sana na inaisha katikati ya mshono, mshono wenyewe hunyooka kwa taabu, na msukumo unatoka kwenye mguu tu, ambao una meno na unaacha alama juu ya ngozi.

6. Cherehani ya nguo

Ya koti la ngozi laini, sawa, ukiipa mguu wa plastiki laini na sindano ya ngozi. Zaidi ya hapo usitumie fedha zako.

Siku ya kwenda kuitazama

Nenda na vitu vyako: vipande vya ngozi unayoishona kweli, uzi wako, sindano mpya za mfumo wa mashine hiyo, tochi, bisibisi na karatasi nyeupe. Ngozi ya muuzaji imechaguliwa na muuzaji.

Kabla ya kuwasha chochote, toa uzi na ugeuze gurudumu mzunguko mzima. Lizunguke kwa uzito ulio sawa. Uzito unaojirudia mahali palepale kila mzunguko unaashiria kitu kilichopinda au kinachogusana. Uzito wa jumla, ule wa kuzunguka kama kwenye asali, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda, na hayo yanasafishika. Shika fimbo ya sindano na uitikise, kisha gurudumu lenyewe kwa kulivuta na kulisukuma. Kucheza kidogo kwenye mashine ya zamani kunakubalika. Kukisikika kugonga, acha.

Sasa fungua sahani ya sindano na uwashe tochi. Hapa usifanye haraka. Tafuta ncha ya kulabu, ile inayopita nyuma ya sindano kuchukua uzi. Ncha nzima ni kali na inang'aa, bila chembe iliyomeguka. Ipitishie kucha pole pole: kucha ikikwama, uzi nao utakwama na kuchanika. Mikwaruzo midogo hung'arishwa kwa msasa laini sana, lakini ncha iliyovunjika au iliyolika ikawa butu maana yake ni kulabu mpya, na hiyo ndiyo spea ghali kuliko nyingine kwenye mashine nyingi za kundi hili. Tazama pia ukingo wa tundu la sahani. Makovu mengi ya sindano yanakuambia mashine imelazimishwa kwa muda mrefu.

Kasha la bobini, meno na miguu ukague, ila usihangaike navyo sana. Vyote ni vya kubadilisha. Mkanda wa ndani wenye meno, kwa mashine zinazoutumia, uwe hauna nyufa.

Karatasi ina kazi yake. Weka mshono wa urefu wa kati, shona bila uzi kwenye karatasi, kisha rudi nyuma juu ya mstari uleule. Matundu ya kurudi yaangukie ndani ya matundu ya kwenda, au karibu sana. Tofauti ndogo hurekebishwa, kubwa inaonyesha viungo vimelika.

Jaribio la mwisho ndilo linalopima msukumo. Kata vipande viwili vya ngozi vyenye urefu sawa kabisa, kama sentimita 30, vipange ncha kwa ncha bila gundi na ushone kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifika mwisho, ncha ziwe bado pamoja. Kisha shona ukipanda ngazi ya unene, kutoka tabaka moja kwenda tatu na kushuka tena. Pima mishono ya juu ya ngazi na ya chini yake kwa rula. Mishono ikifupika sana wakati wa kupanda, mguu hauinuki vya kutosha, na kabla hujaikataa geuza skrubu ya kuongeza kimo cha mguu ujaribu tena, maana mara nyingine ilishushwa tu kwa kazi nyepesi.

Kuna hali moja ambayo mnunuzi mwenye jicho hunufaika nayo. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, lakini kulabu imesimama tuli, na muuzaji anaiuza kama mbovu. Kwenye mashine zenye klachi ya usalama, huenda klachi imejiachia tu baada ya uzi kunasa. Toa nyuzi zote chini, bonyeza kitufe cha klachi kilicho kwenye meza ya kichwa, geuza gurudumu kwa nguvu hadi usikie mlio wa kushika. Ikishika na kulabu ikafuatana na sindano, umepata mashine nzima.

Mota: badilisha, usibembeleze

Mashine nyingi za zamani za kiwandani huja na mota ya klachi. Inazunguka muda wote ikiwa imewashwa, inavuma, inakula umeme hata usiposhona, na pedali inafanya kazi ya kukutanisha diski tu. Baadhi ni za fezi tatu na hazitawaka kabisa kwenye umeme wa fezi moja, kwa hiyo soma kibao chake kabla ya kuibeba.

Piga hesabu uone kwa nini haifai ngozi. Mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika, yenye puli ya milimita 50, ikizungusha gurudumu la milimita 100, inatoa mishono 1,425 kwa dakika. Hiyo ni karibu mishono 24 kwa sekunde. Kwa mshono wa milimita 4, ngozi inakimbia zaidi ya sentimita 9 kwa sekunde moja. Hakuna mkono unaokata kona ya pochi kwa kasi hiyo.

Mota ya servo ya wati 550 au 750 inatatua hilo. Ina kitufe cha kuweka kasi ya juu kabisa, iko kimya, na inazunguka unapokanyaga tu. Funga puli ndogo kadiri mota inavyokubali. Kwa mashine nzito, au ikiwa servo yako inakosa nguvu ikienda polepole, ongeza puli ya kati ya kupunguza kasi kwa uwiano wa moja kwa tatu. Kasi inashuka mara tatu na nguvu ya kuchoma inapanda karibu kwa kiasi hichohicho, na sindano inapita kwenye ngozi nene bila kusita. Kwa maoni yangu puli hiyo ni bora kuliko kununua mota kubwa zaidi.

Hakikisha mota inazungusha gurudumu kuelekea upande sahihi. Kwenye mashine nyingi sehemu ya juu ya gurudumu huja kwako, na servo nyingi zina mpangilio wa kubadili mwelekeo. Puli mbili ziwe kwenye mstari mmoja, na mkanda ubonyee sentimita moja hadi mbili kwa kidole gumba. Ukikazwa kupita hapo unakula bushi, yaani vibomba ambamo mhimili huzunguka. Rudisha kinga ya mkanda mahali pake.

Kuiamsha mashine iliyolala

Ikiwa imekaa miaka, dondoshea mafuta ya taa kidogo kwenye matundu ya mafuta na viungo, geuza kwa mkono mpaka ilainike, futa uchafu unaotoka, kisha uijaze mafuta meupe ya cherehani kila tundu. Mafuta ya kula yataganda tena. Mafuta ya injini ni mazito na yana rangi itakayokaa kwenye ngozi yako. Siku ya kwanza shona vipande vya kutupa, maana mafuta yatadondoka.

Taimingi, yaani jinsi kulabu na sindano zinavyokutana kwa wakati, usiiguse kama mashine haikosei. Ikiwa inaruka mishono hata baada ya sindano mpya iliyowekwa vizuri, ndipo uitazame. Kwa kawaida sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, ikiwa imepanda kama milimita 2 hadi 2.5, ncha ya kulabu iwe katikati ya sindano na juu kidogo ya tundu lake, ikiipita kwa ukaribu wa nywele bila kuigusa. Kitabu cha mashine yako kina vipimo vyake, fuata hivyo.

Sindano na uzi

Tex 70 huenda na sindano namba 100 hadi 110. Tex 90 na 110 hadi 120. Tex 135 na 130 hadi 160 kulingana na ugumu wa ngozi. Tex 210 na 160 hadi 180, na Tex 270 na 180 hadi 200. DNU-1541 na Consew 206RB hutumia mfumo wa 135x17 kwa kitambaa, na 135x16 wenye ncha ya kukata kwa ngozi. Pfaff 545 na 335 zinatumia 134-35. Usichanganye mifumo: sindano inaweza kuingia na kukazwa vizuri, na bado urefu wake ukawa si ule kulabu inaoutarajia.

Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande uzi unakoingilia, na kile kibonyeo kilicho juu ya tundu kiitazame kulabu. Kisha mkazo. Fundo la nyuzi mbili linatakiwa kujificha katikati ya unene. Vidoto vikionekana chini, kaza uzi wa juu. Vikionekana juu, ulegeze. Lakini ukikaza na kukaza na fundo bado haliingii, simama: sindano ni nyembamba kwa uzi huo, na tundu halina nafasi ya fundo kupanda. Panda namba moja ya sindano, halafu rudisha mkazo ulikokuwa.

Shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono mitatu ya kwanza, kila mara, la sivyo uzi utavutwa chini na kujisokota kwenye kulabu. Alama za meno zikitokea upande wa chini wa ngozi, punguza mgandamizo wa mguu kwanza. Zikibaki, nunua meno na miguu laini isiyo na mikwaruzo, au piga msasa ile uliyo nayo, ukianzia ya chini. Na unapobadilisha sindano, zima swichi na uondoe mguu kwenye pedali. Mota ya klachi iliyozimwa huendelea kuzunguka kwa muda, na pedali ikikanyagwa wakati huo sindano inashuka.